Jibu: Ndiyo, Ziwa Victoria liliwahi kukauka

Mkuu, umeuliza ziwa kubwa kama Victoria lingekaukaje, na nani alikuwepo kushuhudia. Shahidi ni tope la chini ya ziwa.

Watafiti hushusha bomba refu hadi sakafuni, hulizamisha kwenye tope, kisha hulivuta juu likiwa limejaa. Likipasuliwa kwa urefu, matabaka yanaonekana moja moja. Juu kuna tope laini la majini. Chini yake, ghafla, unakuta udongo mgumu wenye vijizizi vya mimea vilivyosimama wima, vilevile vilivyoota. Vijizizi hivyo havikuota chini ya makumi ya mita za maji. Palikuwa nchi kavu! Umri wa mabaki hayo hupimwa kwa kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana kiumbe kikishakufa.

Ilikuwa mwishoni mwa zama za barafu, takriban miaka 17,000 iliyopita, mvua zilipopungua sana Afrika Mashariki. Na Victoria hutegemea mno mvua inayolinyeshea lenyewe, tena kina chake hakizidi sana mita 80. Tanganyika, lenye mita zaidi ya 1,400, lilipungua tu.

Maji yalirudi kama miaka 15,000 iliyopita. Kinachonishangaza hadi leo ni furu, wale samaki wadogo unaowaona Mwanza. Aina zao karibu 500 zimechipuka tangu hapo, na kwa mageuzi ya viumbe huo ni muda wa kufumba na kufumbua.