Spika ya bei mbaya inakatakata muziki? Anza na ruta

Mkuu, umeuliza kwa nini spika janja yako mpya inakata wimbo katikati, na kama uiuze urudi kwenye sabufa. Usiuze kwanza. Yangu ilinitesa miezi miwili hivyohivyo. Ruta ilikuwa sebuleni nyuma ya TV, spika chumbani, kuta mbili za tofali katikati. Wi-Fi ya ruta huwa na masafa mawili: ya 5 GHz yana kasi ila kupenya ukuta ni shida, nikaihamishia spika kwenye 2.4 GHz, ikatulia. Jaribu leo.

Kero nyingine utazizoea tu. Nikiiambia "punguza sauti" inanijibu kwa Kiingereza kwamba haijaelewa, mke wangu hoi kwa kicheko. Ukibadilisha nywila ya Wi-Fi, unaiunganisha upya. Na tundu la AUX, la kuchomeka waya wa sauti, haina! Hilo si geni: HomePod, spika janja ya Apple, ile ya kwanza ya 2018 iliuzwa dola 349 Marekani bila tundu hilo, na mwenye Android hakuweza kuirushia muziki kwa Bluetooth. Kwa hiyo ukitaka ya pili, soma nyuma ya boksi kabla hujatoa hela.

Ila besi yake, aisee, glasi za kabatini zinalia. Ruta yako imekaa wapi?