Usiipandishe injini ya Land Rover 109 kabla shafti haijatoka kwenye klachi

Mkuu, hiyo cheni usiiguse kesho. Soma hapa kwanza.

Umeandika kwamba umenunua Land Rover Series III 109 ya petroli iliyokuwa ya utalii, imelala muda mrefu huko Sakina, hapa Arusha. Kesho unafunga cheni bloku (ile cheni ya kunyanyulia mizigo) kwenye tawi la mwembe, unafungua nati za giaboksi, wewe na kijana wako mnavuta cheni na injini inapanda. Rejeta na paneli ya mbele umeambiwa uviache, "maana inatoka tu". Halafu umeuliza spea utapata wapi na chesisi uipake rangi gani. Haya ya mwisho yanaweza kusubiri hata mwezi. Mpango wa kesho ndio unaoua giaboksi.

Kanuni ni moja: injini inatoka MBELE kwanza, JUU baadaye. Usiongeze hata pingili moja ya cheni kwenda juu mpaka umeona kwa macho yako, kwa tochi, ncha ya shafti ya giaboksi iko nje kabisa ya presha pleti, ile sahani inayoibana klachi.

Sababu yake ni hii. Shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi inapita katikati ya presha pleti, inaingia kwenye meno ya klachi pleti, na ncha yake inakaa ndani ya bushi ndogo ya shaba iliyo mwisho wa krenkshafti. Injini ya lita 2.25 (sentimita za ujazo 2286) ina uzito wa kama kilo 200. Ikiwa imefungwa, mzigo huo unabebwa na mauntingi mbili za mbele, na nyuma na hauzingi ya klachi, lile kasha la aluminiamu linalofunika klachi, ambayo imekazwa kwa nati mduara mzima. Ukishafungua nati zote na mauntingi, hauzingi haibebi tena chochote. Ukivuta juu wakati huo, kitu pekee kinachounganisha injini na giaboksi ni ile shafti, nayo imetengenezwa kuzunguka, si kubeba. Injini inaegemea hapo kwa pembeni, na kila mtikisiko wa cheni unaongeza pigo.

Kinachoharibika hakionekani siku hiyo, na ndiyo maana watu wanaendelea kushauriana hivi. Kitovu cha klachi pleti kinapinda kidogo. Bushi ya shaba inapanuka upande mmoja, tundu linakuwa na umbo la yai. Beringi ya shafti ndani ya giaboksi inagongwa kwa pembeni. Unasuuza injini, unabadilisha ringi, unapaka rangi, unarudisha kila kitu, unawasha. Sasa klachi haiachi vizuri. Rivasi, ambayo kwenye Series III haina sinkromeshi (kifaa kinacholainisha kuingia kwa gia), inalia kwanza. Gia nne za mbele zina sinkromeshi, kwa hiyo zitavumilia kidogo kisha nazo zitaanza kugoma. Pedali inatetemeka mguuni, gari linaruka ruka ukianza kuondoka. Fundi atakuambia rekebisha klachi, toa upepo, badilisha silinda ya klachi. Utanunua vyote hivyo na tatizo litabaki palepale, kwa sababu liko kwenye kipande cha shaba usichoweza kukifikia bila kutenganisha tena injini na giaboksi.

Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha watu wengi wamepata hamu ya kufufua hizi gari, na hilo linanifurahisha sana. Ila pamoja na hamu wamekuja washauri ambao hawajawahi kulala chini ya 109. Anayemwambia mtu "ikigoma itikise" anamwambia avunje hauzingi ya aluminiamu. Anayesema "toa na giaboksi yake pamoja ukwepe usumbufu" hajakuambia kwamba giaboksi ya Series imebeba na transfa kesi (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) nyuma yake, kwamba lazima ufungue propela shafti zote mbili, fimbo za hendibreki na boksi zima la viti, na kwamba mzigo huo mrefu mzito wa nyuma hautaki kupita mbele ya gari. Wanaongea kirahisi kwa sababu gari si lao.

Sasa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau, nalo ni springi za mbele. Unaposhusha uzito wa injini kutoka kwenye chesisi, springi zinapumua na chesisi inanyanyuka sentimita kadhaa. Wengi hutegemeza giaboksi kwa jeki iliyokaa sakafuni. Jeki haisogei, lakini chesisi inapanda na giaboksi inapanda nayo kupitia mauntingi zake. Jeki inaachwa chini bila kushika kitu, na pua ya giaboksi inainama wakati shafti bado iko ndani ya klachi. Hapo utakuwa umeweka jeki na bado shafti imepinda pembe.

Dawa yake: usitegemeze giaboksi kutoka ardhini. Itegemeze kutoka kwenye chesisi yenyewe. Chonga kabari ya mbao ngumu, uipenyeze kati ya chini ya hauzingi ya klachi na kiunzi cha chesisi kinachopita hapo chini, igonge ikaze bila kuinyanyua giaboksi. Chesisi ikipanda, kabari inapanda, giaboksi inabaki kwenye mstari wake. Fanya hivyo kabla hujalegeza nati yoyote.

Kabari hiyo ina faida ya pili kwa mtu mwenye cheni bloku ya kufunga mahali pamoja. Cheni iliyofungwa juu haiwezi kwenda mbele. Ukisukuma injini mbele kwa mikono, cheni inalala mshazari na injini inataka kurudi nyuma kama bembea, ikigonga shafti kila inaporudi. Kwa hiyo injini ikae palepale ilipo, gari ndilo lirudi nyuma, na kabari inakwenda nalo, tofauti na jeki ya sakafuni. Gia ziwe huru, hendibreki iachiliwe (kwenye Series inashika propela shafti ya nyuma, kwa hiyo ikiwa juu magurudumu ya nyuma hayataenda), watu wawili wasukume polepole kwa sentimita chache chache, na mtu wa tatu ashike mawe ya kuzuia magurudumu. Hii inadai sakafu ya saruji iliyolala sawa kabisa. Kwenye miteremko ya huko kwenu usijaribu kwenye udongo.

Na tawi la mwembe sikushauri. Tawi linapinda likipewa mzigo, likipunguziwa linarudi juu, na wewe unahitaji kitu kisichocheza hata kidogo. Ulizia kwenye gereji za mtaa wa Unga Limited ile kreni ya magurudumu ya kunyanyulia injini. Ukiipata, chesisi iweke juu ya stendi nne imara, kreni ndiyo isogee. Ukikosa, funga boriti ya chuma juu ya nguzo mbili na cheni bloku ya tani 1.

Kabla ya hapo kuna kazi ya kufungua, nayo ni ya kawaida. Betri toa. Gurudumu la spea lililo juu ya boneti toa kwanza, kisha boneti ifungue wima na uisogeze pembeni itoke kwenye bawaba zake. Mwaga maji, kama lita 10, na oili ya injini, zaidi ya lita 6. PANELI YA MBELE ITOKE PAMOJA NA REJETA. Imefungwa kwenye madigadi kila upande na kwa bolti mbili chini kwenye chesisi. Nafasi ya kwenda mbele inapatikana hapo, na aliyekuambia uiache alikuwa anakulazimisha upandishe injini badala ya kuitoa. Kisha paipu za maji na za hita, paipu ya mafuta (izibe), kabureta na fimbo zake, waya wa choki, nyaya za koili, altaneta, stata, presha ya oili na joto, ekzosi chini ya manifoldi, na ule waya wa athi unaosahaulika mara nyingi. Kila waya ufunge karatasi yenye jina. Silinda ndogo ya klachi inabaki na giaboksi. Weka kipande cha mbao chini ya pedali ya klachi ili mtu asiikanyage na kuichomoa pistoni.

Ndani ya gari ng'oa sakafu na lile funiko la giaboksi. Nati za juu za hauzingi hazifikiki vinginevyo. Tumia spana za inchi. 13 ya milimita kwenye nati ya nusu inchi inacheza, ikishalamba pembe utaishia kuikata kwa patasi karibu na aluminiamu. Mafuta ya kulegeza kutu yawekwe usiku uliotangulia.

Ndoano zishike kwenye vishikio vya kiwandani vilivyo kwenye silinda hedi, mbele na nyuma. Kama vimepotea, tumia bati nene na bolti za uzi sahihi zilizoingia mpaka mwisho kwenye hedi. Usishike kamwe kwenye stadi za kava ya roka, kwenye manifoldi, wala kwenye hauzingi ya thamostati. Kamba ya katani hapana.

Sasa sehemu yenyewe. Kaza cheni mpaka mauntingi za mbele zipunguziwe mzigo, yaani bolti zake zinazunguka kwa vidole. Isipite hapo. Toa bolti za mauntingi, toa nati zote za hauzingi, uzihesabu kwenye chombo na ulinganishe na stadi. Sogeza kwa sentimita moja tu, kisha usimame uangalie upenyo kati ya injini na hauzingi. Upenyo wa juu na wa chini lazima ulingane. Wa juu ukizidi, pua ya injini imeinama. Wa chini ukizidi, pua imeinuka. Hamisha ndoano pingili moja mbele au nyuma mpaka ulingane, ndipo uendelee. Kila sentimita mbili angalia tena. Shafti iliyonyooka inateleza bila kelele.

Ikigoma, simama, weka chini zana zote. Mtaimbo usikaribie na bisibisi usiichomeke kwenye upenyo, kwa sababu uso wa aluminiamu ukishachimbwa hautakaa sawa tena na injini, na injini isiyokaa sawa inakula bushi mpya uliyoweka. Injini ikigoma maana yake kuna kitu hakijafunguliwa: nati moja ya juu iliyojificha, waya wa athi, ekzosi. Vyote vikiwa huru na bado imegoma, meno ya klachi yameshika kutu kwenye shafti. Zungusha krenkshafti kidogo kwenda na kurudi kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele huku mwenzako anavuta kwa mkono. Itaachia.

Shafti ikishaonekana yote nje, ingiza mkono kati ya ncha yake na klachi kuhakikisha. Hapo ndipo unaruhusiwa kupandisha.

Injini ikiwa nje, badilisha ile bushi ya shaba hata kama inaonekana nzima. Ni ya bei ndogo kuliko vyote ulivyogusa. Ijaze grisi, chomeka chuma kinachokaa kikamilifu tunduni, gonga kwa nyundo. Grisi itaisukuma itoke yenyewe. Mpya iloweke kwenye oili ya injini kabla ya kuiingiza. Angalia meno ya shafti kwa kidole: ukihisi ngazi, ukucha ukikwama, shafti imeshaliwa.

Wakati wa kurudisha kanuni ni ileile kinyumenyume: shuka kwanza mpaka usawa wa shafti, ndipo uende nyuma. Klachi pleti iweke katikati kwa shafti ya zamani au kijiti kilichochongwa kipimo kabla hujakaza presha pleti. Giaboksi iwe gia ya nne ili shafti isizunguke ovyo, kisha zungusha krenkshafti taratibu huku mnasukuma mpaka meno yashikane. Nyuso mbili zigusane mduara mzima kwa nguvu za mikono tu. Ukiona upenyo umebaki, hata wa unene wa shilingi, usitumie nati kuuvuta. Nati ikivuta, inavunja sikio la hauzingi au inakunja kitovu cha klachi pleti mpya. Rudisha nyuma, nyoosha, ingiza upya.

Kesho fanya paneli ya mbele, sakafu na kabari tu. Ukimaliza weka hapa picha ya kabari ikiwa mahali pake na ya ndoano kwenye hedi, nizione kabla hujafungua nati za hauzingi.