Kwa wadadisi wapya: dodoso lako si fomu ya matokeo

Swali la kwanza mlangoni, kabla hujafungua dodoso, litakuwa "Nani amekutuma?" Msilidharau. Nimeuliza watu maoni kuanzia Arua hadi Busia, na siku moja nilimhoji mama mwenye duka huku mtu wa LC1 (baraza la kijiji) aliyenisindikiza akiwa amekaa benchi la nje. Swali la rais alilijibu haraka, kwa neno moja. Yule bwana alipoinuka kupokea simu, mama akaninong'oneza, "Hilo la rais, unaweza kulibadilisha?" Nililibadilisha. Usiku nikajiuliza ni wangapi siku ile walionijibu kabla simu haijaita.

Kosa la namna hiyo halimo katika ile "asilimia 3" inayochapwa chini ya ripoti. Utafiti wa watu 1,000 ukitajiwa kiwango hicho cha makosa, kinachopimwa ni bahati ya kuchagua watu tu. Woga haupimwi, wala waliofunga mlango, wala waliojibu vizuri kisha wasiende kupiga kura. Tena hiyo 3 ni ya kila mgombea peke yake. Pengo kati ya wawili hubeba karibu mara mbili. Mmoja akipata 50 na mwenzake 44, huenda kwa kweli wako sawa. Na kwa kuwa sisi huhoji watu wanane katika kijiji kimoja, majirani wanaosikiliza redio ileile, kiwango halisi hupanda zaidi.

Wingi wa watu hauponyi hayo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kuwa Landon angeshinda urais. Roosevelt akamshinda kwa mbali.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa hukohuko, uchaguzi wa rais wa mwaka 2004. Wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha Kerry akiongoza, matokeo yakampa Bush, na wengi wakasema kura zimeibwa kwa sababu hesabu hizo mbili hazilingani. Wenye utafiti wenyewe walichunguza, na Januari 2005 wakaeleza kuwa yaelekea wafuasi wa Kerry walikubali kusimama na kujibu kuliko wa Bush. Hapo msiruke upande wa pili mkadhani maelezo hayo yanausafisha uchaguzi. Tofauti ya namba inakupa sababu ya kwenda kutafuta karatasi, yaani fomu za matokeo za vituo, basi.

Karatasi ndiyo mahakama inayoiuliza. Kwetu Uganda mlalamikaji hubeba mizigo miwili: athibitishe kuwa sheria ilivunjwa, kisha athibitishe kuwa kuvunjwa huko kuliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Wengi hawaujui huu wa pili. Kesi ya Besigye, mgombea wa upinzani, ya 2006 ilikwama hapo: Mahakama ya Juu ilikubali kuwa sheria haikufuatwa, lakini majaji 4 dhidi ya 3 wakaona athari hiyo haikuthibitishwa. Ile ya 2001 ilikuwa imeamuliwa 3 kwa 2. Kwa hiyo mtu akikwambia "mahakama ilisema uchaguzi ulikuwa safi", au "majaji walikiri wizi", mwombe asome hukumu tena.

Mimi naona mzigo huo umezidi uzito. Siku za kufungua kesi ya urais ni 15 tangu matokeo yatangazwe, zamani zilikuwa 10, na mwaka 2021 vituo vilikuwa zaidi ya 34,000. Kukusanya nakala za fomu walizobaki nazo mawakala wa wagombea kutoka kote huko ndani ya wiki mbili si mchezo. Lakini ugumu wa kupata ushahidi haugeuzi utafiti wetu kuwa ushahidi. Malawi, Februari 2020, majaji waliufuta uchaguzi wa mwaka uliotangulia, na kilichobishaniwa sana mahakamani kilikuwa fomu za matokeo zilizopakwa Tipp-Ex, ile rangi nyeupe ya kufutia maandishi.

Basi siku mtu wa boda atakapokushika shati, "Nyinyi mlisema hivi, Tume ya Uchaguzi imesema vile, si wizi huo?", mpe unachokijua: mlihoji wangapi, lini, wapi, wangapi walikataa, nani alikuwa amekaa karibu. Kisha muulize kama wakala wa kituo chake aliondoka na nakala ya fomu iliyotiwa saini, na iko wapi sasa.