Isome Biblia kama hujui itaishaje

Tuliokulia kanisani tuna tatizo moja: mwisho tunaujua. Goliathi ataanguka, Danieli atatoka salama kwenye tundu la simba, Lazaro atafufuka. Tukiona jina tu, macho yanateleza kwenda mbele. Na zile ratiba za kumaliza Biblia nzima kwa mwaka, zinazozagaa kwenye magrupu kila Januari, zinatuongezea mbio. Sura tatu, weka tiki, lala. Sizipingi, zimewasaidia wengi, ila mshangao hauji kwa mtu mwenye haraka.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni kumsomea mtu mwingine kwa sauti. Nikienda kijijini huwa namsomea bibi yangu, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi. Yeye husikiliza Biblia jinsi wazee wa Ugogo wanavyosikiliza habari yoyote: "Ehee. Halafu?" Jioni moja tulikuwa Mwanzo 37, pale ndugu zake Yusufu wanapomvua kanzu na kumtupa kwenye birika lisilo na maji. Mstari unaofuata unasema wakaketi kula chakula. Nilishaupita. Bibi akanishika mkono. "Subiri, mjukuu wangu. Wanakula? Na mwenzao yumo shimoni?" Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na yeye Yusufu, alikaa kimya tu?"

Nikarudi kutazama. Sura ya 37 haina neno hata moja la Yusufu akiwa shimoni. Jibu la bibi liko mbele sana, sura ya 42 mstari wa 21, miaka mingi imepita, ndugu wale wale wako Misri wamebanwa, ndipo wanaambiana kwamba waliiona shida ya nafsi yake alipowasihi na hawakumsikiliza. Kumbe alilia! Mwandishi alikificha kilio kile mpaka wao wenyewe wakitoe. Nimesikia mahubiri mengi ya Yusufu na sikumbuki mhubiri aliyenionyesha hilo. Tangu hapo nina daftari la maswali. Siandiki mafundisho humo, naandika maswali tu, na mengine bado hayana jibu.

Jambo la pili, soma ukijua umesimama wapi. Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuitumii, maana sehemu kubwa ya Biblia iliandikwa na watu wa nchi ya ukame. Chukua Zaburi ya 126, inayomwomba Bwana awarejeze watu wake "kama vijito vya Kusini". Kusini huko ni Negebu, nyika ambayo mabonde yake hukaa makavu sehemu kubwa ya mwaka. Sasa nenda kwenye korongo lolote la huku kwetu mwezi wa kumi na moja. Ni mchanga mtupu. Akina mama wanafukua kwa bakuli, wanasubiri maji yajikusanye, wanachota kikombe kimoja kimoja mpaka dumu lijae. Kisha siku moja mvua inapiga vilimani, kwenu jua bado linawaka, na unasikia mngurumo. Maji mekundu yanakuja yakisukuma vijiti na povu, na muda si mrefu huwezi kuvuka. Hicho ndicho mtunga zaburi anachokiomba: wokovu wa ghafla, kutokana na mvua ambayo hukuiona ikinyesha. Mstari wa wapandao kwa machozi nao sihitaji kumweleza mtu aliyewahi kufukia ardhini uwele ambao watoto wangeweza kuula.

Kuhusu matarajio, hapa kuna upotoshaji. Wapo wanaofungua Biblia kwa kubahatisha, kidole kikiangukia mstari wa baraka basi ni gari, ni kiwanja. Hiyo naiita bahati nasibu. Mimi hujifunza kutarajia kwa Eliya, 1 Wafalme 18. Anamwambia Ahabu kwamba pana sauti ya mvua tele, na mbinguni hakuna hata wingu. Halafu huyo huyo aliyeisikia mvua anainama, uso kati ya magoti, anaomba, na mtumishi anatumwa kutazama upande wa bahari. Hakuna kitu. Anarudishwa mpaka mara ya saba, ndipo linaonekana wingu dogo kama mkono wa mtu. Kwa hiyo ukisoma siku kadhaa na usione kitu, usidhani umekosea njia. Kesho panda tena ukatazame.

Kama hujui pa kuanzia, chukua Ruthu. Ni sura nne tu. Soma tatu za kwanza kwa sauti, mpaka ule usiku wa kwenye uwanja wa kupuria, Boazi anapotaja kwamba yupo jamaa mwingine aliye karibu zaidi kuliko yeye. Huyo jamaa hujamwona bado. Funga kitabu, sura ya nne iache mpaka kesho.