Sili sana, hiki kitambi kinatoka wapi? Nesi wa nait anauliza

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni nesi, miaka 36, huu mwaka wa 11 niko wodini na nait naingia karibu kila mwezi. Tangu nianze nimeongezeka kilo 14 na wala sili sana, nikirudi asubuhi nalala tu, usiku ndo natia kitu tumboni saa 8 ile usingizi unaponizidi, soda na biskuti basi. Juzi natoka shifti saa 1 asubuhi nikajipima sukari ikasoma 6.3, presha 134 kwa 86. Wenzangu wanasema nimenawiri. Je ni hizi nait au mimi tu ndo mvivu?

JIBU: Marahaba dada. Uvivu weka pembeni, mtu anayegeuza wagonjwa usiku kucha huyo simwiti mvivu.

Shida kubwa ni ile saa 8. Mwili una saa yake kwenye ubongo inayofuata mwanga, na ini na kongosho navyo vina saa zao ndogo. Usiku melatonini (homoni ya usingizi) ikipanda kongosho linapunguza kutoa insulini, ile homoni inayoshusha sukari, kwa hiyo soda ileile ambayo mchana ingepita bila makelele mengi, usiku inapandisha sukari juu zaidi na inachelewa kushuka. Ndo maana unasema hauli sana na bado nguo zinabana (ila soda nayo ni chakula, tusidanganyane).

Marekani kuna manesi wanafuatiliwa tangu 1976. Matokeo yaliyotoka 2011 yalionyesha waliozungushwa shifti za usiku miaka 10 hadi 19 hatari yao ya kisukari aina ya 2 ilizidi kwa kama 40% wale ambao hawakuwahi, na waliopitisha miaka 20 ikafika 58%. Lakini sikia hapa, sehemu kubwa ya hiyo hatari ilipitia kwenye uzito, na uzito unashikika hata kama rosta haishikiki.

Sasa hiyo 6.3. Ulikula saa 8, ukapima saa 1, hayo ni masaa 5, kufunga kunataka angalau 8. Kwa hiyo usiisome kama sukari ya kufunga, haikutishi wala haikusafishi. Omba HbA1c, kipimo cha damu ambacho hakihitaji kufunga na kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi kama 3, kuanzia 5.7 hadi 6.4% ni dalili kisukari kinabisha hodi. Ukiwa na upungufu wa damu au selimundu mwambie anayekupima maana kinaweza kudanganya. Presha rudia siku ya off ukiwa umelala, ikibaki 130 kwa 85 au zaidi hiyo ni alama moja. Nyingine ni kiuno kuzidi sentimita 88 kwa mwanamke, sukari ikiwa juu, triglisaraidi (aina ya mafuta ya damu) zikiwa juu, na ile kolestro nzuri ikiwa chini. Zikifika 3 kati ya 5 unahesabiwa una sindromu ya metaboliki, yaani mkusanyiko wa hitilafu zinazokusogeza kwenye kisukari na magonjwa ya moyo.

Chakula: kula mlo wa kueleweka kabla hujaingia, halafu saa 6 usiku mpaka alfajiri pita na maji. Ukizidiwa, yai au karanga kidogo. Kuna jaribio la 2021, dogo tu la watu 19, waliowekwa kwenye ratiba ya usiku wakala usiku sukari yao ilipanda, waliokula mchana tu haikupanda. Kahawa ya mwisho iwe mapema, ile ya saa 11 alfajiri ndo inakukodolesha macho asubuhi kitandani.

SWALI: Mimi ni nesi wa kiume, nait miaka 6, mwembamba kama fito. Haya yananihusu?

JIBU: Yanakuhusu kaka. Wembamba hauonyeshi mafuta yaliyoko kwenye ini wala presha. Pima kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu mara moja kwa mwaka, na kama tayari unatumia dawa za sukari usianze kuruka mlo wa usiku kabla hujaongea na anayekuandikia, sukari inaweza kushuka ukiwa umeshika sindano ya mgonjwa.