Niende mafunzo ya uongozi, au nibaki nikamilishe machapisho yangu?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu cha umma, Nyanda za Juu Kusini. Nina shahada ya uzamivu, machapisho manne na mtoto wa miezi minane. Wiki iliyopita mkuu wa idara aliniita, akanieleza kwamba jina langu limependekezwa kwenye mafunzo ya uongozi kwa wanawake wa vyuo vikuu. Ni wiki mbili nje ya nchi, kisha kukutana na mlezi wa kikazi, mtu mzoefu wa kunishauri, kila mwezi kwa mwaka mzima. Wenzangu wanasema ni safari ya posho na cheti cha kutundika ukutani. Mume wangu hana neno, ila mama mkwe amenuna. Nami nahofia kuchelewa kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi. Nifanyeje? Naomba usitaje jina langu.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nenda. Lakini kabla hujapokea masurufu ya safari, rudi kwa huyo mkuu wako wa idara umwulize: nikirudi, mnanipa kazi gani?

Nitakueleza kwa nini. Mwaka 1997 nilikuwa mhadhiri mwandamizi wa sayansi ya udongo, nakaimu ukuu wa idara. Kukaimu kwenyewe kulikuwa kumeingia mwaka wa tatu. Barua ya kuthibitishwa haikuja na hakuna aliyeniambia sababu. Asubuhi moja mhasibu wa kitivo (siku hizo tulikuwa na vitivo, ndaki zilikuja baadaye) akaniletea makisio ya idara, kurasa kumi na moja za kasma (vifungu vya bajeti) na tarakimu. Akasema, "Dokta, saini tu hapo chini, wanasubiri." Nikasaini. Miezi minne baadaye, wanafunzi wa mwaka wa tatu walipotakiwa kwenda fildi kuchimba mashimo na kusoma matabaka ya udongo, hapakuwa na fedha ya mafuta ya gari. Fungu la mafunzo kwa vitendo lilikuwa limehamishiwa kwenye ukarabati wa ofisi, na chini ya ukurasa ule ilikuwepo saini yangu. Wanafunzi 42 walijifunza udongo ubaoni mwaka ule. Mpaka leo, nikikutana na mmoja wao, hilo ndilo la kwanza kunijia moyoni.

Aliyenifumbua macho alikuwa karani wa uhasibu, dada mmoja mpole, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alikuja nyumbani Jumamosi mbili, tukatandaza karatasi kwenye meza ya chakula. Akanionyesha mishahara inakaa wapi, matumizi mengineyo yanakaa wapi, na ni vifungu gani watu huvichota pale mwenye fungu asipouliza. Nilikuwa na shahada tatu na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha jambo hilo. Wanaume niliokuwa nao kwenye bodi ya kitivo walifundishana jioni, klabu ya wafanyakazi, saa ambazo mimi nilikuwa nachota maji na kukagua madaftari ya watoto.

Mwaka uliofuata nikapelekwa mafunzo ya wiki moja. Mengi niliyosikia pale yamepotea. Lililobaki ni zoezi moja. Mwezeshaji alitutaka, tukirudi, tukae kwenye kikao kimoja na daftari, tuandike nani kasema, mara ngapi, na hoja yake iliishia wapi. Nikafanya hivyo kwenye bodi ya kitivo. Tulikuwa watu 19, wanawake watatu, kikao cha saa tatu. Sisi watatu tulisema mara nne, na katika hizo nne, mara tatu tulikuwa tunajibu tulichoulizwa. Hoja moja niliyoianzisha mwenyewe haikuonekana kwenye muhtasari. Tangu siku ile sikuingia kikaoni na hoja ya mdomo. Niliandika dokezo wiki moja kabla, nikaomba liingizwe kwenye ajenda, na kikao kilichofuata nikaifuatilia kwenye yatokanayo, pale kikao kinapopitia yaliyoamuliwa kikao kilichopita. Barabara ya kwenda kwenye shamba letu la majaribio ilitengenezwa kwa njia hiyo, baada ya yatokanayo tano.

Ndiyo maana nakusisitizia kazi utakayopewa ukirudi. Mwanamke anayetoka mafunzoni akarudi kwenye dawati lilelile, bila kamati wala fungu wala uamuzi wowote mkononi, ndani ya nusu mwaka amekuwa alivyokuwa, na amechoka zaidi maana sasa anajua anachonyimwa. Omba kiti kwenye kamati inayogusa fedha au utafiti. Omba uandaliwe makisio ya kozi moja uyasimamie wewe, hata yakiwa madogo. Mkikubaliana, andika dokezo sabili (andiko fupi la ndani ya ofisi) la nusu ukurasa lenye makubaliano hayo, naye aliwekee saini. Usione haya. Hata mafunzo mazuri yenyewe yamejengwa hivyo: Aurora, mpango wa Uingereza wa kuwaandaa wanawake wa vyuo vikuu kuongoza ulioanza mwaka 2013, unataka chuo chako ndicho kikupeleke na kikupatie mlezi, ili mwajiri asijifanye hakukuona ukiondoka wala ukirudi.

Kuhusu mlezi, huyo ndiye nusu ya mafunzo, pengine zaidi ya nusu. Nimewahi kuwa mlezi chini ya AWARD, mpango wa wanawake watafiti wa kilimo barani Afrika ulioanza mwaka 2008 na wenye makao yake Nairobi. Pale mtafiti hupewa mlezi mwandamizi, na yeye naye hutafuta mdogo wake wa kumlea. Wangu alikuwa mtafiti wa mikunde. Siku ya kwanza alinionyesha malengo yake, na mstari wa juu ulisema "kuendelea na utafiti". Nikamwomba aufute, aandike anataka kuongoza nini. Alikaa kimya muda mrefu, kalamu mkononi, kisha akaandika: maabara ya mbegu. Ilituchukua miezi kumi na minne. Tulisoma tangazo la nafasi pamoja, nikamuuliza maswali ambayo jopo lingemuuliza, akakosa mara ya kwanza, akaomba tena. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua mlezi, chagua mtu aliyewahi kusimamia fedha na watu, na anayejibu simu. Si lazima awe mwanamke. Jina kubwa lisilopatikana halitakusaidia.

Sasa machapisho. Wenzako hawajakosea kila kitu. Cheti cha uongozi hakitakupandisha cheo. Kamati ya kupandisha vyeo inahesabu machapisho na ufundishaji, na kwenye vyuo vyetu vingi hawakuthibitishi kuwa mkuu wa idara, sembuse amidi (mkuu wa kitivo) au rasi (mkuu) wa ndaki, kabla ya uandamizi. Nimeona wanawake hodari waliopewa kila kamati ya chuo kwa sababu "wanaweza kazi", wakastaafu wahadhiri. Kwa hiyo kwenye dokezo hilohilo ongeza ombi la pili: muhula utakaosafiri, kozi moja apewe mtu mwingine. Nenda na makala moja iliyofika nusu. Utakutana na wanawake wa vyuo vingine. Tafuta mmoja wa fani iliyo karibu na yako muandike pamoja. Urafiki wa aina hiyo hudumu kuliko mihadhara.

Na mtoto. Waandikie waandaaji leo, waulize kama wanagharamia mtoto anayenyonya na mtu wa kumwangalia. Wapo wanaofanya hivyo, lakini mara nyingi hawatangazi, wanangoja uulize. Ukirudi, usidharau haki yako nyumbani: sheria yetu ya ajira Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, na kikao cha idara si sababu ya kuzifuta. Mama mkwe usimtumie mumeo. Nenda mwenyewe, kaa chini, umweleze safari ni ya nini na itakurudisha lini. Kisha umwulize kama yuko tayari kufuatana nawe kumwangalia mjukuu. Wangu, Mungu amrehemu, alininunia mwezi mzima kwa safari yangu ya kwanza. Nilipomwomba tuondoke wote, alifunga mizigo siku mbili kabla yangu.

SWALI: Profesa, shikamoo. Mimi ni amidi, mwanamume. Nauliza bila ubaya. Kwa nini mafunzo haya yawe ya wanawake peke yao? Vijana wangu wa kiume nao hawajafundishwa uongozi, na wananung'unika.

JIBU: Marahaba, Amidi. Nakushukuru kwa kuuliza wazi.

Vijana wako wanafundishwa, ila hamliiti fundisho. Ni yale mazungumzo ya klabu niliyoyataja hapo juu, ni kuitwa "twende wote Dodoma ukabebe makabrasha", ni kuketi nyuma kwenye kikao cha wakubwa ukasikiliza. Marekani waliliona hilo mapema. Mtandao wa HERS ulianzishwa mwaka 1972, na tangu 1976 ukawa unawakusanya wanawake wa vyuo kila kiangazi kwenye chuo cha Bryn Mawr kuwafundisha bajeti, utawala na sheria za vyuo, mambo ambayo wanaume walikuwa wanarithishana. Baadaye ilizaliwa mitandao dada Afrika Kusini na Afrika Mashariki, huu wa kwetu ukiwa Uganda.

Lakini nakubaliana nawe kwa jambo ambalo huenda hukulikusudia. Mafunzo peke yake yanaweza kutufanya tuamini kwamba kasoro imo ndani ya mwanamke, akitengenezwa yeye mambo yatanyooka. Si kweli. Wangari Maathai alipata uzamivu mwaka 1971, wa kwanza kwa mwanamke katika Afrika Mashariki na Kati. Hakupungukiwa na kitu kichwani wala mdomoni. Hata hivyo yeye na mwenzake Vertistine Mbaya iliwabidi wapiganie pale Chuo Kikuu cha Nairobi wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume wa cheo kilekile. Kilichokuwa kinahitaji kurekebishwa ni kanuni. Nigeria ilipata mwanamke wa kwanza wa kuongoza chuo kikuu mwaka 1985, Grace Alele-Williams, Chuo Kikuu cha Benin. Kenya, kwa vyuo vya umma, ilingoja mpaka 2006, Olive Mugenda alipokabidhiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Huwezi kuniambia kwamba miaka yote hiyo hakukuwa na mwanamke anayeweza.

Kwa hiyo nakuomba ufanye kazi tatu wewe mwenyewe, na hakuna inayohitaji bajeti. Fungua orodha ya kamati za kitivo chako. Angalia wanawake wako wangapi kwenye mahafali, ustawi na mapokezi ya wageni, na wangapi kwenye zabuni, utafiti na fedha. Ninajua utakachokiona, maana nimekaa kwenye kamati ya mapokezi miaka sita. Pili, vikao vyako vinaanza saa ngapi? Kama ni saa kumi jioni, vihamishie saa nne asubuhi. Tatu, mwanamke yeyote anayekaimu kwako kwa zaidi ya mwaka, andika kwa mamlaka yako leo athibitishwe au aambiwe sababu. Kukaimu kunamchosha mtu kwa namna ambayo aliyethibitishwa hawezi kuijua: unabeba lawama zote, na hakuna uamuzi wa miaka miwili unaothubutu kuufanya.

Na hao vijana wanaonung'unika, waandalie mafunzo yao. Nitakuja kufundisha nikialikwa.

SWALI: Habari Profesa. Mimi si mwalimu, ni mkutubi mwandamizi, miaka 16 kazini. Kila tangazo la mafunzo ya uongozi likija linapelekwa kwa wahadhiri. Je, sisi wa maktaba, usajili na uhasibu hatuhusiki?

JIBU: Nzuri, mdogo wangu. Mnahusika kabisa, na swali lako limeniuma kwa sababu mtu aliyenifundisha kusoma makisio alikuwa karani, na hakuna aliyewahi kumpeleka popote.

Aurora niliyoitaja inapokea watumishi wa utawala na huduma sawa na wahadhiri, na HERS vilevile. Matangazo yanakwama kwenye ofisi za wakuu wa idara za taaluma kwa sababu ndiko barua zinakopelekwa kwanza. Nenda kwa afisa utumishi, umwombe jina la maktaba liwekwe kwenye orodha ya wanaopelekewa nakala. Kisha mwone mkurugenzi wako wa maktaba akuingize kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka, na umpelekee maombi yako kwa maandishi yakiwa na gharama: ada, nauli, siku ngapi, na nani atashika zamu yako ya dawati la rejea. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na makisio huandaliwa miezi kadhaa kabla. Ukisubiri tangazo litoke Agosti utaambiwa fungu limekwisha, na safari hii watakuwa wanasema kweli. Andika sasa.