Dundu wadogo wa samadi: majibu kwa wafugaji wa Tabora

Msomaji wa Nzega anauliza kama vidudu vyeusi anavyoviona chini ya mavi ya ng'ombe ni watoto wa wale dundu wakubwa wanaoviringisha madonge.

Sivyo. Hao ni dundu waliokwisha kukomaa, kwani dundu akishaota mabawa hakui tena. Wengi wao ni wa jenasi ya Onthophagus, yenye spishi zaidi ya 2,000 duniani, na aghalabu hawafiki sentimita 1 na nusu. Hawaviringishi kitu, bali huchimba. Ukiinua kwa kijiti kinyesi cha juzi, ambacho juu kimefanya gamba na chini kingali kibichi, utaona vishimo vyembamba na udongo mpya uliotupwa kando. Huko chini jike hushindilia tonge la mavi, hutaga yai moja, kisha huziba; buu hula akiba hiyo humo humo mpaka ageuke dundu.

Wa Sikonge anataka kujua kwa nini baadhi wana pembe.

Hao ni madume, nao hulinda mlango wa shimo alimo jike. Dume aliyepata chakula kidogo alipokuwa buu huwa mdogo na pembe zake hazikui, kwa hiyo hapigani: huchimba njia ya ubavuni na kumfikia jike kwa siri.

Wakati wa kiangazi huenda wapi? (Urambo)

Wengi hubaki ardhini, wakingoja mvua za kwanza zilainishe udongo.

Mwingine wa Nzega anauliza kama awapulizie sumu.

Namsihi asifanye hivyo. Australia ilipopata ng'ombe, dundu wake wa asili, waliozoea vinyesi vikavu vya kangaruu, hawakumudu mavi mabichi, nayo yakarundikana malishoni na kuzalisha nzi; ndipo mwaka 1968 wakaachiliwa huko Queensland dundu wadogo wa Digitonthophagus gazella waliotokana na Afrika. Walichokitafuta ng'ambo tunacho hapa zizini bila gharama, kwa kuwa mavi yanayozikwa hurutubisha udongo na kuwanyima nzi mahali pa kuzaliana. Hata ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu wa mwilini anayopewa ng'ombe, hutoka na kinyesi kwa siku kadhaa na huua mabuu, hivyo ni vema kumwuliza afisa mifugo ni ng'ombe yupi hasa anayeihitaji, kuliko kulipatia dawa kundi zima kwa mkupuo mmoja mvua zinapoanza.